Mistari miwili ya Paulo ilivyokaribia kumpa dada yangu mume asiyemtaka

Wakuu, salamu kutoka Migori. Haya nilikuwa nimeketi papo hapo yakitokea. Majina tu nimebadilisha, kwa sababu shemeji zangu wako humu na wanasoma.

Dada yangu, nimwite Akinyi, ameolewa Magunga. Mumewe alifariki mwaka jana, akamwachia watoto wadogo na shamba la mahindi.

Kwa wasiojua mambo ya kwetu: mjane hutarajiwa kurithiwa na ndugu wa marehemu. Tunaita tero. Na kama hajarithiwa, hapandi. Akipanda wanasema ni chira, laana inayowaendea watoto.

Mvua ikaanza. Majirani wote wako shambani, dada yangu anaangalia tu gunia la mbegu.

Aliyekuwa akimtaka ni Odhiambo, binamu ya marehemu. Ana wake wawili tayari, na mdomo anao. Watu wa boma wakaita kikao. Baba yetu hayupo tena, kwa hiyo nikaenda mimi.

Mimi ni mzee wa kanisa. Nilijua wataleta mila, nikajipanga na Wakorintho wa Kwanza sura ya saba, pale Paulo anapoona ni heri mjane abaki alivyo. Nikaisoma kwa sauti, nikafunga Biblia nikijiona wakili.

Odhiambo hakubisha. Akatoa Biblia yake mfukoni mwa koti.

Akafungua Timotheo wa Kwanza sura ya tano, panapotaka wajane vijana waolewe, wazae, watunze nyumba.

"Ora," akaniita kishemeji, akitabasamu, "huyu si Paulo yuleyule?"

Nikaanza kujitetea na context, mara Kigiriki ambacho hata sikijui. Watu wakacheka. Mzee Okelo, baba mkubwa wa marehemu, ndiye aliyeongoza kikao. Akainua mkono.

"Hiyo kitabu yenu inasema mambo mbili. Tuiweke kando, tufuate ya baba zetu."

Yaani nimekuja kumtetea, na sasa mdomo wangu ndio unamkabidhi. Nilishikwa na hasira mpaka nikataka kusimama niende. Nikamwangalia Akinyi, nikaona siwezi kumwacha hapo.

Nikamwomba Odhiambo asome mistari inayotangulia ule wake. Akakataa. Nikasoma mimi.

Kanisa la huko kwa Timotheo lilikuwa likitunza wajane, na mwandishi alihofia wale vijana wanaozurura nyumba kwa nyumba wakipiga porojo. Korintho walikuwa na jambo lingine. Paulo aliona nyakati zimebana, hakutaka watu wajiongezee mizigo. (Wapo wasomi wanaosema barua hizi mbili hata hazikuandikwa na mtu mmoja. Hilo siwezi kuamua, shule yangu ni ndogo.)

"Mzee," nikamwambia Okelo, "kila barua inajibu shida ya watu wake. Huyu anazurura? Analishwa na kanisa? Shida yake ni gani?"

"Shida yake ni kupanda," akasema. "Na bila mwanaume hawezi."

Hapo ndipo Akinyi aliposema. "Baba, tangu asubuhi mnasoma juu yangu. Hakuna mwenye ameniuliza. Odhiambo mimi sitaki. Nataka kupanda."

Odhiambo akasimama. "Panda basi. Watoto wakianza kuugua, usikuje kwangu."

Mimi mzee wa kanisa niliingiwa na baridi mgongoni, nisiwadanganye. Ukizaliwa kwetu, neno chira linakupata tu, uwe umebatizwa au la.

Mama mkwe wake alikuwa kimya muda wote. Nilishamhesabu upande wa adui. Sasa, katika boma la Kijaluo mama mwenye boma ndiye anayepanda kwanza, halafu wake za wanawe wanafuata.

"Nyar Migori, lete jembe," akamwambia Akinyi, yaani binti wa Migori.

Okelo akataka kusema kitu. Mama hakumpa nafasi.

"Mimi nilirithiwa nikiwa na mtoto mgongoni. Hakuna mwenye alisoma barua, na hakuna mwenye aliniuliza. Hapa mbegu inaanza na mkono yangu. Nikimaliza, anafuata huyu. Kama kuna chira, ikuje kwangu kwanza."

Akatoka nje kwenye manyunyu ya mvua. Akachimba, akatia mbegu, akafukia, akamkabidhi Akinyi jembe. Mbegu za kwanza za dada zikaanguka nje ya shimo. Okelo akaenda zake bila kubariki wala kulaani.

Nilichojifunza ni hiki: mtu akikuchapa na mstari, uliza uliandikiwa nani na kwa shida gani. Halafu muulize yule anayesomewa anataka nini. Hilo la pili mimi na Biblia yangu tulikuwa tumelisahau kabisa.

Waliowahi kukaa kikao kama hiki, wa dini yoyote, mliwaambia nini wazee? Na baada ya kikao mliishije na ile hofu? Mahindi ya dada yamefika kiunoni sasa. Lakini jana mtoto wake wa mwisho alikohoa kidogo tu, Akinyi akanipigia simu akilia. Nikamwambia ni mafua. Nilipokata simu, nikapiga magoti.