Wakili Aliandika Kwamba Nilimwonya Ndugu Yangu

Admin, tafadhali ficha jina langu kabisa, maana watu wengi wa Kiminini na Bungoma wako kwa hii page yako.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu. Nilizaliwa Kiminini, familia ya wakulima, nikaolewa huku Bungoma upande wa Kibabii. Kazi yangu ilikuwa kununua viazi na karoti kwetu nyumbani na kwenda kuuza soko la Chwele. Nasema ilikuwa, kwa sababu sasa mgongo wangu hauwezi kuinua hata beseni ya nguo.

Mizigo yangu ilikuwa inabebwa na ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wa mama yetu. Tumwite Kim. Alikuwa ameandikwa kazi ya kuendesha pikapu ya mfanyabiashara mmoja wa kwetu. Siku hiyo ya soko, mwaka jana, barabara ilikuwa na maji ya mvua. Tulikuwa tunateremka kona moja, pikapu ikateleza, ikabingirika mara mbili na kuangukia mtaroni. Kim alifia hapo hapo. Mimi nilitolewa kupitia dirishani, miguu siisikii.

Nilipelekwa hospitali Kitale. Daktari alisema pingili za chini za mgongo zimeumia na zinabana neva. Ndugu yangu alizikwa nikiwa bado nimelazwa. Leo natembea, lakini kama nyanya ya miaka themanini. Kanisani nakaa kiti cha nyuma kabisa ili niweze kusimama mahubiri yakiendelea, kwa sababu nikikaa dakika kumi tu, moto unatoka kiunoni unashuka mpaka kwa kidole cha mguu. Msichana wangu wa kwanza ndiye ananifunga viatu kabla aende shule. Daktari anasema nahitaji upasuaji, na sisi hatuna uwezo huo.

Ndipo mume wangu akatafuta wakili huko Kitale. Wakili alituambia kwamba pikapu ilikuwa na bima, na ninaweza kulipwa fidia ya mgongo. Lakini lazima ionekane dereva ndiye alikuwa na makosa, kwamba alikuwa anaenda mbio.

Mama yangu aliposikia, alikasirika sana. "Kim hayuko hapa ajijibie," aliniambia. "Wewe ndiye ulikuwa umekaa kando yake, na ni wewe unampeleka kortini? Watu wa Kiminini watasema nilizaa mtu wa kulemaza dada yake?" Kwa miezi miwili hakushika simu zangu.

Mume wangu naye alikuwa ananiambia, "Mama Faith, Kim ameenda. Wewe uko hapa, na mimi ndiye nakuona ukiamka ukilia. Kwani mama yako anataka mzikwe wawili?" Sikuweza kumlaumu. Tangu ajali ndiye anateka maji, ndiye ananisaidia kuoga, na hajawahi kulalamika.

Sasa hapa ndipo kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata yeye.

Asubuhi ya ajali mimi ndiye nilichelewa. Nilibishana na mwenye shamba juu ya karoti mbovu mpaka jua likapanda, Kim ananingoja kwa gari. Tulipoanza safari alikuwa anaenda polepole sababu ya utelezi. Mimi ndiye nilimwambia, "Kanyaga bana, si unaendesha kama mzee! Tutapata wateja wamerudi kwao." Alicheka, akasema, "Sawa sista, basi shikilia kiti." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho. Kona ilikuwa hapo mbele tu.

Wakili aliniita niweke sahihi kwa maelezo yangu. Nikasoma. Ameandika kwamba nilimwonya dereva mara kadhaa apunguze mwendo, akakataa. Nikamwambia, "Wakili, mimi sikusema hivyo." Akanijibu bila hata kuniangalia, "Mama, hivyo ndivyo kesi hizi huandikwa. Nenda ufikirie, lakini usikae sana."

Nilienda na karatasi hiyo mpaka kwa mama nikitaka kumwambia ukweli. Mungu ananiona, hiyo ndiyo ilikuwa nia yangu. Aliichukua akaisoma mwenyewe, polepole. Akafika hapo palipoandikwa nilimwonya, akainua macho. Kisha akaniuliza, "Kweli ulimwonya?"

Nikasema ndiyo.

Sijui mdomo ulifunguka vipi. Nilikuwa nimechoka na maumivu, nimechoka na kununiwa na mama yangu. Alilia, akanishika mkono, akasema, "Nisamehe mwanangu. Nimekuonea bure. Kumbe ni yeye hakusikia." Tangu siku hiyo amebadilika. Ananipigia simu kila asubuhi kuuliza nimelalaje. Lakini dadangu mkubwa ameniambia kwamba picha ya Kim iliyokuwa sebuleni mama ameitoa. Na kaburi alilokuwa anapalilia kila Jumapili baada ya kanisa, sasa nyasi zimeota.

Karatasi bado iko chini ya godoro, sijaweka sahihi. Nikiweka, nitaapa uongo juu ya mtoto aliyekufa kwa kunisikiza. Nikikataa na kusema ukweli, labda nitapoteza upasuaji, na mama akijua ni mimi nilimwambia Kim aongeze mwendo, sidhani ataniita mwanawe tena. Naogopa pia mume wangu ataniangalia vipi.

Jana mama amepiga simu akiwa na furaha. Amesema kesi ikianza atakuja Kitale akae pale mbele, na wakimruhusu atasimama mwenyewe aambie hakimu kwamba kijana wake tangu utotoni alikuwa mkaidi.

Kim hakuwa mkaidi. Ndugu zangu mnaosoma hapa, nitukaneni mkitaka, lakini mnishauri. Nitamwambiaje mama?