Ua la Kwanza la Mchikichi

Miaka michache baada ya uhuru, serikali ilianza kukusanya vijana wasio na kazi. Iliwapa jembe, panga na kipande cha ardhi kusini mwa Rumonge, kando ya ziwa, upande wa Kigwena, wapande michikichi. Kijana niliyempenda alikuwa mmoja wao. Kabla ya hapo alikuwa akibeba mizigo sokoni, akishiba kwa bahati na kulala njaa kwa mazoea. Sasa alikuwa na shamba, na watu walianza kumwamkia kwa heshima.

Baba yangu, fundi cherehani asiyeamini kitu mpaka akishike, alimwambia, "Uniletee bidoni moja, dumu zima, ya mawese, ya miti yako mwenyewe. Siku ile ndiyo tutaongea ndoa."

Bidoni moja tu! Nilicheka. Kumbe mchikichi hauna haraka na mtu. Tulikula maharage na mihogo iliyopandwa katikati ya mistari, na miti ikabaki vichaka vya kufika kiunoni. Nikiikumbuka miaka ile naiona kama kupitia ukungu wa asubuhi juu ya ziwa: yeye anapita kati ya miche akiigusa mmoja mmoja, mimi nimekaa kwenye tuta nikinusa mafuta ambayo bado hayapo. Niliona wivu, sifichi. Ile miti ilikuwa wake wenzangu, na yeye alikuwa akilala kwao.

Kisha maua yakatoka. Nilikimbia shambani kwa furaha, nikamkuta akiyakata kwa panga na kuyatupa chini.

"Unakata harusi yangu!" nilimpigia kelele.

"Moniteri wa proje, ule bwana shamba wa mradi wetu, ametufundisha," alisema taratibu. "Ua ya kwanza iko ya muti, haiko ya muntu. Ukikata sasa, muti unapata nguvu. Vumilia kidogo."

Subira yavuta heri, kila mtu aliniambia. Nilinuna wiki nzima. Msimu uliofuata akayakata tena.

Mwaka wa sabini na mbili ndipo alipoyaacha. Mikungu ikaanza kuiva, myekundu, na baba akaosha bidoni kwa mikono yake, akaianika uani. Kisha mauaji ya kikabila yakafika pwani yetu ya ziwa. Tulivuka ziwa katika mtumbwi wa jirani, bila hata nguo ya kubadilisha. Ninachokumbuka ni maji, kimya, na milima yetu ikizidi kuwa ya buluu. Bidoni ilibaki pale pale uani.

Ng'ambo, Tanzania, chini ya turubai, baba alituozesha. Hakutaja mawese. Alisema tu, "Nilikuwa na masharti mengi," akalia.

Baadaye tulisikia kwamba miti ile inazaa sana, na wanaokamua ni watu wengine. Mume wangu alisikiliza, akaendelea kula. Huko huko ukimbizini alipanda mchikichi mmoja nyuma ya nyumba. Ulipotoa ua la kwanza, alisimama mbele yake na panga mkononi kwa muda mrefu, kisha akaliweka chini.

"Hii tutaikula," alisema. "Nani anajua ya kesho?"

Nilikuwa nimeshinda ugomvi wetu wa zamani, na moyo uliniuma kuliko siku ile alipokata. Nikaliokota panga, nikamrudishia mkononi.

"Kata," nikamwambia.