Cheche na baiskeli ya mkia mfupi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Cheche amekwisha fungua karakana yake na kuibana fremu ya baiskeli kwenye jiliwa. Anaisugua kwa msasa. Vumbi jekundu linamwangukia miguuni, na midomo yake haitulii: anaitukana rangi hiyo kwa sauti ya chini, tusi baada ya tusi, huku mkono ukienda polepole kama wa mtu anayemfuta mtoto uso.

Chini ya nyekundu kunatokea kijani. Anaacha kusugua, anapuliza vumbi, anainama aone vizuri.

“Umeona?” anamwambia mwandishi wa gazeti hili. “Rangi yangu hii hapa. Walidhani wakipaka ya kwao juu ndiyo basi.”

Fremu hiyo ni ya baiskeli ya milimani, ile aina ambayo mbele ina springi na nyuma ni chuma kitupu. Asiyejua ataona vyuma tu. Anayejua ataona kwamba mabomba mawili ya chini yanayoshika gurudumu la nyuma, ambayo mafundi huyaita mkia, ni mafupi kuliko kawaida. Ataona pia kwamba bomba moja limekatika kabisa, na ncha zake zimeachana.

Mwanamke huyu ameiunda fremu hiyo kwa mikono yake. Aliyeivunja ni mdogo wake wa kiume, mtoto wa mama mmoja, ambaye mji mzima unamwita Bingwa. Cheche anataka kitu kimoja tu, na anakitaja bila kuzunguka: mdogo wake aseme hadharani nani aliyeijenga baiskeli iliyompa ubingwa.

“Sijataka kikombe chake,” anasema. “Nataka aseme.”

Karakana hii aliirithi kwa baba yao, aliyekuwa akitengeneza mageti, vitanda vya chuma na matoroli. Ni chumba kimoja chenye dirisha lisilo na kioo, kuta nyeusi kwa moshi, mtungi wa gesi kwenye kona na mabomba yaliyosimamishwa ukutani kwa urefu. Kwa nyuma kuna vyumba viwili anamoishi na mama yake. Geti moja linamlipa kuliko baiskeli tatu, na mageti ndiyo yanayolisha nyumba.

Wateja wapya wakifika humuuliza fundi yuko wapi. Cheche hana haja ya kugombana nao. Huchukua miwani yake ya kuchomelea, akaivaa, akawageukia. “Haya, ameshafika. Mlikuwa mnasemaje?”

Baiskeli ya mkia mfupi aliianza kwa sababu ya kona. Nyumba yao iko juu ya mteremko, na njia ya kuifikia inapita katikati ya kuta za watu, inakata mtaro wa maji ya mvua, kisha inajipinda ghafla penye mawe. Zamani alikuwa akitumia baiskeli ya marehemu baba yake, ndefu na nzito. Kila akifika pale ilimlazimu ashuke, ainyanyue mkia, aigeuze kwa mkono, apande tena.

“Nilikuwa nashuka kwenye kona kama bibi harusi anayeteremka garini,” anacheka. “Watu wanasimama kunitazama. Nikasema hapana, tatizo si mimi, ni huu mkia.”

Kufupisha mkia si kukata na kuunga. Gurudumu likisogezwa mbele linataka kupita mahali palipo na bomba la kiti, kwa hiyo bomba hilo lazima lipindwe kidogo. Bomba tupu ukilipinda kwa moto linabonyea kama mkebe. Cheche alilijaza mchanga mkavu, akalishindilia, akaziba ncha, ndipo akalipasha moto na kulipinda taratibu. Mabomba ya kwanza yaliharibika, akayageuza miguu ya kitanda.

Mkia wenyewe nao aliubonyeza kwa ndani, mahali tairi linapopita karibu, ili tairi lipate nafasi bila bomba kupoteza unene wake. Halafu akaunga kila kiungo kwa shaba na kukilainisha kwa tupa. Kazi hiyo ilimchukua msimu mzima wa mvua, akiifanya katikati ya mageti ya watu. Kipimo kilikuwa mwili wake: urefu wa mkono wake, urefu wa mguu wake.

Siku ya kwanza alipoipanda, ilimtupa. Baiskeli yenye mkia mfupi ikipandishwa mlima mkali huinua gurudumu la mbele kama mbuzi anayetaka majani ya juu. Cheche alianguka chali mtaroni, na majirani wakacheka mpaka wakakaa chini. Ilimbidi ajifunze upya: kukaa kwenye ncha ya kiti, kulaza kifua juu ya usukani, kukanyaga bila kushtua. Alipoizoea, ikawa inapita kona ya mawe bila mguu wake kugusa chini.

“Hapo sasa nikajiona,” anasema. “Nilikuwa napanda na kushuka hata kama sina pa kwenda. Mama ananiuliza unatoka wapi, namwambia sijatoka popote.”

Mdogo wake aliazima.

Hilo ndilo neno analolitumia Cheche, na huliweka mkazo. Bingwa, ambaye wakati huo hakuwa bingwa wa chochote, aliomba baiskeli kwa siku moja akashiriki mashindano ya milimani yaliyoandaliwa na duka moja kubwa la baiskeli. Cheche alimfundisha kulaza kifua. Akampandishia kiti, maana mdogo mtu ni mrefu kidogo. Akasimama juu ya jiwe kumtazama akipita kona ambazo wenzake walishuka na kusukuma.

Alishinda. Mama yao alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Duka likamchukua Bingwa awe mpanda baiskeli wake, likampa nguo, viatu na posho ya kila mwezi. Baiskeli ikapakwa rangi nyekundu na kubandikwa jina la duka kila palipobandikika. Haikurudi nyumbani.

Cheche anasema alinyamaza kwanza. Alijua maisha ni magumu na mdogo wake amepata riziki. Alidhani siku moja atamtaja tu, hata juujuu.

Kisha ikaja redio. Cheche alikuwa akiunga fremu ya mteja, redio iko dirishani, akasikia sauti ya mdogo wake. Mtangazaji alimuuliza ile baiskeli ya ajabu imetoka wapi. Bingwa akajibu, “Ni ya duka. Hawa watu wana mafundi wa kweli.”

Fundi mwenye mikono mitulivu kuliko wote mtaani alisahau kuondoa moto. Bomba la mteja likayeyuka, likatoboka tundu la kuingia kidole gumba. Bomba hilo bado limening’inia kwenye msumari juu ya mlango. Ukimuuliza ni la nini, anakwambia ni picha ya familia.

Miezi ikapita bila wawili hao kuzungumza. Mama alikuwa akipeleka salamu huku na kuleta salamu huku, nyingine akizitunga mwenyewe njiani. Mpaka siku aliporudi nyumbani anakokota toroli, ndani yake kuna kitu kimefunikwa shuka kama mgonjwa. Alilifunua shuka mbele ya karakana. Baiskeli ilikuwa imekatika mkia. Bingwa alikuwa hospitali, amevunjika mtulinga.

“Nilijua ni kiungo changu kimeachia,” anasema Cheche. “Nilisema nimemuua mtoto wa mama yangu.”

Lakini kiungo kilikuwa kizima. Bomba lilikuwa limekatikia katikati, pale alipolibonyeza kwa ajili ya tairi. Alipolifuta matope akaona mikwaruzo ya tupa. Duka lilikuwa limempa Bingwa matairi mapana, matairi yakawa yanasugua mkia. Badala ya kurudi kwa dada yake, au kurudisha matairi membamba, mtu alilichonga bomba kwa ndani mpaka likawa jembamba kama karatasi. Kwenye mteremko likakata.

Anamwonyesha mwandishi mikwaruzo hiyo. Yote imelala upande mmoja, kushoto.

“Nyumbani kwetu mwenye mashoto ni mmoja tu,” anasema. “Na tupa nilimfundisha kuishika mimi. Yaani aliona afadhali aivunje kuliko kuja hapa kuniambia dada, tairi linasugua. Aliniogopa kiasi hicho? Au alinionea aibu? Sijui lipi ni baya zaidi.”

Mwandishi aliporudi wiki moja baadaye, mkia mpya ulikuwa umekwisha ungwa. Fremu ilikuwa haina rangi kabisa, chuma kitupu kilichopakwa mafuta, na kwenye kila kiungo shaba inang’aa. Cheche alikuwa anafunga cheni, Bingwa alipojitokeza mlangoni, mkono umefungwa kifuani.

“Shikamoo, dada.”

“Marahaba. Bega linaendeleaje?”

“Nikilala linauma.”

“Kaa hapo, usisimame.” Akamsogezea kigoda kwa mguu.

Bingwa alikaa. Aliitazama baiskeli kuanzia usukani hadi mkia. “Imepona?”

“Imepona. Inakungoja wewe upone.”

“Ile mpya waliyonipa haigeuki, dada. Nikifika kwenye kona naona kama naendesha ngazi.”

Cheche aliangua kicheko, na mdogo wake naye akacheka huku akishika bega. Kwa kitambo kidogo walikuwa ndugu tu, wamekaa kwenye karakana ya baba yao. Mwandishi anakiri alidhani makala haya yangeishia hapo.

“Sasa mbona hujapaka rangi?” Bingwa akauliza.

“Nyekundu sina.”

“Haina shida, watapaka wenyewe dukani. Kuna stika mpya pia.”

Cheche alifuta mikono yake kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. “Ichukue,” akasema. “Leo hii hii. Ila huyu unayemwona hapa ni mwandishi wa gazeti. Mwambie nani aliijenga. Neno moja tu, ukimaliza beba.”

Bingwa aliitazama kalamu ya mwandishi. “Dada, mtaani si wanajua?”

“Redioni hukusema.”

“Niliulizwa ghafla.”

“Leo hujaulizwa ghafla.”

Mama alikuwa ametoka na sahani ya viazi vya kuchemsha, akasimama katikati yao, hajui ampe nani kwanza. “Cheche, mwachie mwenzio,” akasema. “Wewe una karakana. Yeye ana nini?”

“Mama, nimejenga kitu kizuri mara moja maishani mwangu,” Cheche akajibu. “Mara moja. Na hata wewe ukisimulia unasema baiskeli ya Bingwa.”

Bingwa akasimama, akamgeukia mwandishi kwa adabu kabisa. “Ndugu yangu, naomba hili usiliandike. Wale wadhamini wakisoma watanitoa.”

Akaaga, akateremka njia ile ya mawe kwa miguu, akishika ukuta kwa mkono wake mzima. Baadaye aliombwa na gazeti hili aeleze upande wake. Alisema hana la kuongeza.

Cheche alichukua miwani yake ya kuchomelea akaivaa. Hakukuwa na moto umewashwa. Machozi yalimtoka chini ya miwani, na alipoona anatazamwa alisema ni moshi. Mama aliweka sahani juu ya meza ya kazi, akakaa kwenye kigoda alichokiacha mwanawe.

Jioni Cheche alifunga matairi yake membamba, akateremsha kiti hadi kimo chake na kuitoa baiskeli nje. Aliiteremsha hadi chini ya mteremko, akageuka, akaanza kupanda mlima kifua kikiwa juu ya usukani. Kwenye mtaro aliinua gurudumu la mbele kidogo tu, akapita. Kwenye kona ya mawe baiskeli ilijipinda yote mara moja, mbele na nyuma pamoja, na mguu wake haukugusa chini. Majirani waliokuwa nje hawakucheka. Mmoja alimuuliza ameitoa wapi baiskeli kama ya Bingwa.

Mashindano ya milimani yatafanyika tena mvua zikikatika. Bingwa atakuwepo, bega likiwa limeunga, na baiskeli yake mpya ya duka. Cheche amejiandikisha.

“Mimi siyo wa kumshinda,” anasema. “Yule ana mapafu ya kijana, kwenye tambarare atanipita. Lakini kuna kona moja kule, kali kuliko hii yetu. Nataka tufike pale pamoja, mimi mbele, yeye nyuma yangu, aone inavyogeuka. Atajua. Hata asiposema, atajua.”

Na mama? Cheche anaizungusha pedeli kwa kidole, anasikiliza cheni inavyopita.

“Mama anasema atakuja. Ameshaanza kushona kibendera cha kupunga.” Anaonyesha kwa kidevu kuelekea vyumba vya nyuma, ambako mlango uko wazi na kitambaa kimetandazwa juu ya kitanda. Kitambaa ni chekundu.