Sabuni kwenye Tangi la Hiza

Watu wa Korogwe wanamwita Fundi Rehani kwa jina la Fundi Subiri, na jina hilo hakulipata bure. Ukimpelekea gari likachomelewe chesi, ile fremu ya chini inayolibeba, utalikuta limevuliwa kama mtoto anayekwenda kuogeshwa: betri pembeni, mazulia juu ya uzio, nyaya zimesogezwa na kufungwa, naye Fundi Rehani yuko chini na brashi ya waya, anakwangua kutu huku akiongea peke yake. Kuchomelea ni kazi ya Twaha, fundi mwenzake. Rehani anaandaa. Asipotamka "haya", Twaha hawashi mashine, hata mwenye gari avimbe vipi.

Hiyo "haya" ina sababu. Alipotoka Handeni, kijana wa kutafuta maisha, aliajiriwa kwenye gereji moja ambayo siku hizi haipo. Tangi lenye petroli kidogo, cheche moja, basi. Akatoka na uhai wake, ila kidole gumba cha kulia kikabaki laini, hakina mstari hata mmoja. Siku ya kusajili laini ya simu kwa alama za vidole, mashine ilimkataa katakata, na dada wa kibandani akamuuliza kama ana hakika yeye ni mtu. Kisa hicho anakisimulia mwenyewe, na anacheka kuliko wanaomsikiliza.

Asubuhi moja akaingia Hiza na Land Rover yake. Huyu ni Msambaa wa Bungu, juu milimani, mgane, dereva wa kushusha kabichi na kupandisha abiria tangu barabara ile iitwe barabara. Yeye na Rehani, ambaye ni Mzigua, ni watani wa siku nyingi.

"Mzigua, bado hujafa tu?"

"Nikifa nani atakutengenezea hilo banda lako la kuku?"

Lakini safari hii banda lilikuwa mahututi. Chesi ilikuwa imepasuka pande zote mbili, karibu na tangi la mafuta. Bila kuongezewa mabamba ya chuma lisingepanda tena mlima, na Hiza hajui kazi nyingine wala hataki kuijua.

Wakaliinua, wakaliweka juu ya stendi. Rehani akavuta uzi kutoka mbele hadi nyuma ili ajue chesi haijapinda, maana ukichomelea kilichopinda umekipindisha milele. Akatoa betri. Alipotia spana kwenye bolti za tangi, Hiza akamshika mkono.

"Tangi liache."

"Niache nini?"

"Funika gunia bichi, mchomelee hivyo hivyo."

Rehani akacheka, kisha akaona mwenzake hacheki.

"Hiza, cheche haina utani."

"Basi lishushe. Nitapeleka kwa wengine, mafundi wamejaa."

Ni kweli wamejaa, na Rehani aliwajua wawili watatu ambao wangechomelea bila hata kuuliza. Akilini akamwona Hiza amesimama kando ya gari linalowaka. Akakasirika vibaya sana, kwa sababu anampenda yule mzee mbishi, na kwa kuwa hakujua la kusema, akajilaza chali chini ya gari akakunja mikono kifuani.

"Mimi sitoki. Ukishusha, nishushie mimi."

Twaha akageukia ukutani ili asionekane akicheka. Hiza akazunguka gari, akatukana kwa Kishambaa, akazunguka tena. Mwishowe akapiga magoti, akajisogeza taratibu mpaka akalala ubavuni mwa mwenzake. Akanyoosha kidole kwenye kiraka cha mpira wa tairi, kilichofungwa kwa waya chini ya tangi.

"Pale lilitoboka," akasema kwa sauti ya chini. "Tulikuwa tunateremka na Yuditha, ametoka kununua sabuni ya kufulia. Akakata kipande, akaingia chini na gauni lake la kanisani, akaziba. Nikaja kufunika na mpira tu. Hakijawahi kuvuja, Rehani. Ukilitoa tangi, kipande chake kinatoka."

Rehani alimfahamu Yuditha, marehemu mke wa Hiza. Alikula ugali wake. Machozi yakamtiririkia masikioni kwa vile alikuwa amelala chali.

"Sabuni ikipata moto inayeyuka, mtani," akasema. "Atakudondokea yeye mwenyewe na petroli yote. Unadhani angekubali?"

Hiza akapapasa, akampa spana.

Tangi likashushwa, likamwagwa, likasuuzwa kwa maji mengi. Rehani akakata waya, akaubandua mpira. Bisibisi hakuigusa, alikichimbua kile kipande kwa ukucha, polepole, kikatoka kizima, kigumu, na juu yake alama ya kidole chembamba, mistari yote ikisomeka. Hiza akakifunga kwenye leso, akakitia mfuko wa shati.

Ndipo Rehani akasema, "Haya." Twaha akawasha mashine, mabamba yakashika.

Tundu la tangi Rehani aliliziba mwenyewe kwa gundi ya chuma. Ilipokuwa bado laini, Hiza akamgusa bega.

"Bonyeza na wewe. Kama alivyobonyeza."

Rehani akakandamiza kidole gumba chake cha kulia. Hiza akainama, akachungulia kwa muda mrefu.

"Mbona haina alama?"

"Ndivyo utakavyojua ni mimi."