Maji ya Mvua kwa Mkoba wa Mama

Ilianza Jumatano, saa tisa na dakika ishirini mchana. Najua kwa sababu simu ya anti huonyesha saa kwa tarakimu kubwa, na ilipolia nilikuwa naiangalia. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba yake pale Kathonzweni, mkono wa kushoto umeingia ndani ya mkoba wa kijani kama soksi, mkono wa kulia una mswaki mkuukuu. Nilikuwa natoa ukungu kwenye mishono.

Anti ni mdogo wake mama. Anauza mikoba ya ngozi ya mitumba. Shule zikifungwa mimi hutoka Matinyani, kwa susu, nyanya yangu anayenilea, nakuja kumsaidia. Susu husema nakuja kwa sababu naipenda kazi. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nakuja kwa sababu simu ambayo mama hupiga ni ya anti.

Mama yuko Uarabuni, anafanya kazi ya nyumba. Hupiga wakati huo wa mchana kwa sababu wenye nyumba hulala wakishakula, naye huingia stoo na kuongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba kanisani. Mimi hujiandaa wiki nzima. Huandika kwenye daftari hili vitu vya kumwambia: kwamba nilikuwa wa tatu kwa Kiswahili, kwamba mbuzi wa susu alizaa mapacha, kwamba nimekuwa mrefu kuliko mlango wa jikoni. Halafu simu ikifika mkononi mwangu, ulimi unakauka.

"Uko aje?" anauliza.

"Niko sawa."

"Masomo?"

"Iko sawa."

"Susu?"

"Yuko sawa."

Anti husema nikiolewa, siku ya harusi pasta akiuliza kama nimekubali nitajibu niko sawa.

Jumatano hiyo anti aliongea naye kwanza. Nilimwona akiacha kutabasamu. Kisha akaweka sauti kubwa, akaiweka simu juu ya mkeka katikati yetu.

"Mkataba wameongeza," mama akasema. "Miaka miwili. Ni miaka miwili tu, itaisha kabla hujajua. Unasikia?"

"Nasikia."

"Na ule mkoba wangu, si bado uko?"

"Uko."

"Basi mpe anti yako auuze. Ngozi ikikaa bure inaharibika. Mnunue viatu vya shule, si ulisema vinakubana?"

Sikuwa nimesema. Ni susu aliyemwambia anti. Lakini nilijibu, "Sawa." Mlango ulilia kule kwake, na simu ikakatika.

Lazima nieleze huo mkoba, la sivyo hakuna atakayeelewa.

Zamani mama aliuza machungwa Kambu, kando ya barabara kuu ya Mombasa. Basi likisimama, yeye na wenzake walikuwa wanakimbia na beseni kichwani hadi kwenye madirisha. Pale pale Kambu kulikuwa na mwanamume aliyetandaza mitumba kwenye turubai, na mama akaupenda mkoba mmoja wa rangi ya kahawia, wenye kifungo cha shaba. Aliupitia kila siku kwa muda mrefu, akiufungua na kuufunga, hadi yule mwanamume akamwambia, "Mama, chukua tu, mumezoeana." Akamshushia bei, akauchukua.

Jumapili ulikuwa unaenda kanisani. Ndani mlikuwa na Biblia, kitana, kitambaa cha kunipangusa kamasi, na peremende. Mahubiri yakiwa marefu nilikuwa nasikia kile kifungo, tik, taratibu sana, na mkono wa mama unaniletea peremende huku macho yake yakiwa kwa mhubiri. Hadi leo nikisikia kifungo cha mkoba mdomo wangu unajaa mate.

Chini, upande wa mbele, una doa la wino. Kalamu ilimvujia siku alipokuwa akijaza fomu za pasipoti. Doa lina umbo la mhogo uliopinda. Yeye aliliona baya sana.

Asubuhi ya kuondoka alikuwa na sanduku jipya la magurudumu. Aliutoa mkoba kila kitu, akautundika kwenye msumari nyumbani kwa susu, akaniambia, "Huu siubebi. Nitakuja kuuchukua mwenyewe."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa nina kumi na sita, na sijawahi kumwambia mtu hii: miaka hiyo yote nilikuwa nahesabu kwamba mtu aliyeacha mkoba wake hajaenda kabisa. Kama vile mtu anayeacha kanga kwenye kiti kanisani ili mjue ana nafasi yake. Nilikuwa naingiza pua ndani na kunusa. Likizo nikija Kathonzweni nilikuja nao ndani ya sanduku langu, chini ya sare. Anti aliuona, hakuuliza.

Anti aliichukua simu yake. "Miaka miwili," akasema, na akapiga ulimi. Kisha akainuka, maana alikuwa ameacha kibanda chake barabarani kikiangaliwa na jirani yake, mama mmoja anayeuza ndengu na mbaazi. "Lete huo mkoba uusafishe. Kesho ni siku ya soko."

"Sawa," nikasema.

Anti alipoondoka nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikalia. Sikulia sana. Nililia kama dakika tano, nikajipangusa kwa sketi, nikarudi kazini. Mimi hulia hivyo, haraka, kama mtu anayekojoa kichakani akiogopa kuonekana.

Kazi yenyewe naijua. Mikoba inakuja kwenye beli, yale marobota makubwa ya mitumba, kutoka Nairobi. Iliyo mizuri, ile isiyo na kasoro, inaitwa kamera, na wenye pesa wanaichagua mapema. Anti hununua fagia, yaani ile ya mwisho inayobaki sakafuni: yenye ukungu, yenye lipstiki iliyoyeyukia ndani, yenye duara la kikombe cha chai. Yeye husema hakuna mkoba mchafu, kuna mkoba ambao haujakutana na yeye. Unautoa vumbi kwanza. Unapaka sabuni ya kipande kwenye kitambaa cha fulana kuukuu, si kwenye ngozi. Unapangusa. Unasokota magazeti unajaza ndani usimame kama una tumbo. Unaukausha kivulini, kamwe si juani, maana jua letu hugeuza ngozi ikawa kama mkate mkavu. Mwisho unapaka ile jeli ya kukamulia ng'ombe, kidogo tu, kwa kidole.

Lakini sheria ya kwanza ni maji. Maji ya kisima hapa yana chumvi. Chai yake unaweza kunywa ukazoea, lakini ngozi haizoei. Yakikauka yanaacha mistari myeupe. Kwa hiyo anti ana mitungi miwili ya manjano inayofanana. Mmoja ni wa maji ya mvua kutoka kwenye tangi, una mfuniko, na ni wa kazi mbili tu: chai ya wageni wa kanisa na ngozi. Mwingine ni wa kisima, umezibwa kwa gunzi. Na hata ukiwa na hakika na mfuniko, kabla ya kugusa ngozi lazima uonje. Unachovya kidole, unaweka ulimini. Anti hufanya hivyo kila mara, hata yakiwa maji aliyoyachota mwenyewe sasa hivi.

Mchana huo nilikuwa nimesukuma maji ya kisima kwa wilbaro, na ili yasimwagike nilikuwa nimeazima ule mfuniko. Sikuurudisha.

Niliutoa mkoba wa mama sandukuni. Nikamimina maji kwenye beseni kutoka mtungi wenye mfuniko. Nikachovya kidole, nikaonja.

Yalikuwa na chumvi. Lakini midomo yangu yote ilikuwa na chumvi. Nilijua nimetoka kulia. Nikaonja tena, ikawa vile vile, nikasema moyoni ni mimi huyu, si maji. Nikalowesha kitambaa nikaanza.

Nilisugua vizuri. Naandika ukweli: nilisugua vizuri kuliko nilivyowahi kusugua mkoba wowote. Kama ni wa kuuzwa, nilitaka mtu atakayeununua aone ulikuwa wa mtu aliyejitunza. Nilifika kwenye kile kifungo cha shaba, nikakifunga na kukifungua mara moja. Tik. Nikaacha.

Upepo wa Kathonzweni hauchelewi. Kabla kivuli cha tangi hakijafika ukutani ile mistari ilikuwa imetokea. Ilipita mbele yote, myeupe, inapindapinda, kama njia za siafu. Kwenye mkanda, kwenye kona, kuzunguka doa la wino. Nilisimama tu. Nilitamani ardhi inimeze na beseni langu.

Anti alirudi na yule jirani wa ndengu, aliyekuja kuchagua mkoba wa kwenda nao kwenye mahari ya mpwa wake.

"Hodi hospitali ya mikoba!" jirani akaita kutoka kwenye kona. "Daktari, mgonjwa wangu yuko tayari ama nimletee maua?" Kisha akauona. "Ai! Na hii nayo imepakwa unga?"

Anti hakucheka. Alichutama, akapitisha ukucha kwenye mstari mmoja, akalamba ukucha.

"Ni kisima," akasema.

"Mfuniko ulikuwa..." nikaanza.

"Wewe msichana, ulionja ama hukuonja?"

"Nilionja."

"Na ukasikia nini?"

"Chumvi."

"Ukasikia chumvi, ukaendelea?" Sauti ilipanda. "Si useme tu umefanya makusudi! Hukutaka uuzwe, ukaharibu!"

Hilo bado najiuliza hadi leo. Nilichosema ni, "Nilifikiria chumvi ni yangu."

Jirani alianza kuangalia kuku. Anti aliniangalia macho, ambayo nadhani yalikuwa bado mekundu, kisha akaangalia nyuma ya tangi, akaangalia upande wa sketi yangu uliokunjamana.

"Mwana wakwa," akasema, mtoto wangu, kwa sauti nyingine kabisa. "Kwani wewe husema lini?"

Jirani akajikohoza. "Mimi nitapitia wangu kesho," akasema, "siyo lazima mgonjwa atoke leo." Akaenda zake.

Anti alileta siki na bakuli. Akamimina maji ya mvua, akaonja, akanisongezea na mimi nionje. Hayakuwa na ladha yoyote. Akachanganya nusu kwa nusu. Nilichukua kitambaa nikaanza kufuata mstari mmoja mmoja, akanishika mkono.

"Usifuate mistari. Ukilowesha pale pale penye chumvi, unahamisha tu, inaenda kukaa mbele kidogo. Lowesha wote. Toka mshono hadi mshono. Acha ilowe yote, ikauke yote pamoja."

Tulifanya mara tatu, yeye upande wa nyuma, mimi mbele, tukibadilisha kitambaa. Jua likawa linashuka, watoto wakapita njiani wakirudisha mbuzi. Anti aliongea bila kuinua kichwa.

"Dada yangu amesema niuze, na ni mali yake. Siwezi kumkatalia kwa niaba yako. Kama hutaki uuzwe, mwambie wewe. Kesho saa mbili naenda soko. Usipomwambia, unaenda nao soko na ile mingine."

"Nitamwambia nini?"

"Mimi najuaje? Si maneno yangu."

"Na akikasirika?"

"Akasirike. Wewe unafikiri yeye kule stoo hulia sukari?"

Tukaujaza magazeti, tukauweka kwenye kiti ndani, mbali na dirisha. Nilipokwenda kulala niliandika hapa mambo kumi na moja ya kumwambia mama, nikayafuta yote.

Asubuhi niliamka kabla ya anti. Mkoba ulikuwa umekauka. Mistari ilikuwa imeondoka, isipokuwa kidogo sana kwenye kona ambako ni mimi tu ningeona. Rangi ilikuwa imekolea kuliko zamani. Doa la wino lilikuwepo, limepauka kidogo, bado mhogo. Niliingiza pua ndani. Siki, magazeti, jeli ya ng'ombe. Mama hakuwamo tena. Nilifikiri nitalia lakini sikulia.

Saa moja na nusu anti alikuwa anafunga gunia. Alinyoosha mkono kuuomba mkoba. Badala ya kumpa mkoba nilimwomba simu.

Nilikwenda nyuma ya tangi. Kwenye zile sauti za kurekodi nilibonyeza nikanyamaza, nikafuta. Nikabonyeza tena, nikasema "Mama, niko sawa," nikafuta. Mara ya tatu nikasema hivi, nakumbuka yote:

"Mama, siko sawa. Miaka miwili ni mingi. Viatu vinanibana lakini mkoba siuzi. Nimeuosha, wino haujatoka. Ulisema utakuja kuuchukua mwenyewe, kwa hivyo uje uuchukue."

Nikatuma kabla ya kuogopa. Alama moja ilitokea, ya kwamba ujumbe umetoka. Sikungoja ya pili, ya kwamba umefika; nilimrudishia anti simu yake, naye akaitia kifuani bila kuiangalia.

Kisha nilirudisha mfuniko kwenye mtungi wa maji ya mvua, nikaziba wa kisima kwa gunzi, nikatia kitana changu kwenye mkoba wa mama, nikauvaa begani. Nikajitwika gunia la mikoba ya kuuza, tukaenda sokoni.