Nguru Kwenye Friza ya Seli

Sekondari nimeisoma kwa masomo ya jioni, Temeke, nikisinzia hadi ubao ukanionea huruma. Nikafika chuo kikuu, na tangu hapo nafuatilia jambo moja tu: ndani ya seli ya mwili, protini ikishatengenezwa, inabebwaje na inajuaje pa kushukia. Ikishushwa pasipo pake, mtu anaugua. Majirani zangu Chamazi wananiita daktari na kunionyesha majipu.

Siku ile wafadhili wawili walikuwa waje kuziona seli zangu, ambazo protini yake niliifanya ing'ae kijani ili njia yake ionekane. Wakiridhika, kazi inaendelea. Wasiporidhika, maabara inafungwa. Nilivaa shati ambalo mkunjo wake ungekata mkate.

Nikafungua friza. Kwenye baridi ya kugandisha hata kiburi alikuwa amelala nguru wa Kimbiji, mkubwa kama kitanda cha sita kwa sita. Vichupa vyangu vya seli vilikuwa mezani, vimeyeyuka tangu jana yake.

Nikamfuata mkuu wetu wa maabara.

“Shikamoo mzee. Nani kaweka samaki?”

“Marahaba. Mimi. Ulitaka wageni wale seli?”

“Zimekufa zote!”

“Si utaotesha nyingine? Nyie wa masomo ya jioni mna papara. Waonyeshe picha za zamani, sema umeme ulikatika.”

Umeme! Mwaka mzima unatukatikia tumenyolewa nusu kichwa. Wiki ile uliwaka kama wa harusini, na ndio wa kusingiziwa.

Wageni wakafika. Nguru alikuwa jiwe, anakatwa kwa shoka huko nyuma, nami nikaambiwa niwachangamshe. Nikawachekesha, huku moyoni natamani lile shoka.

Tukamla na wali wa nazi. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, akasema, “Haya, tukazione hizo seli.”

Mkuu akanikanyaga mguu chini ya meza.

“Hazipo,” nikasema. “Zilitolewa kwenye friza ili huyu samaki aingie. Zimekufa.”

Wakacheka! Wote wawili, hadi machozi. Mkuu akadakia, “Huyu bwana na mizaha yake!”

Sijawahi kuchukia kicheko namna ile. Nikanyamaza, mie ambaye hata usingizini napiga soga. Kicheko kikawaishia taratibu. Yule mama akanitazama, kisha akasukuma sahani yake.

“Kumbe kweli.”

Hawakurudi. Maabara imefungwa, na mkuu anawaambia watu kwamba ni mdomo wangu ulioifunga. Mdomo wangu! Samaki hamtaji kabisa.