Nilimkarabatia baba nyumba Nakivale, akashindwa kutoka nje

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Haya yalinipata mwenyewe, na aliyekosea humu ni mimi, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Mwaka 2012 nilifunga kibanda changu cha vitenge Mbarara mjini, nikahamia kwa baba kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hukohuko Uganda. Sisi ni Wakongo wa Kivu Kusini. Mama alikuwa ameshafariki, na baba macho yote mawili yalikuwa hayaoni tena. Aliishi peke yake kwenye nyumba ya miti na udongo waliyoijenga na mama tulipofika kambini, mimi nikiwa mdogo.

Nyumba ilikuwa hoi. Ukuta umeinama, mvua inaingia mlangoni, maana mlango ulitazama upande wa upepo.

Basi nikajifanya injinia. Mimi nikishika jambo, hata mwenye nyumba haulizwi.

Nikaweka fundi. Tukabadilisha nguzo, tukakandika upya, tukapiga mabati. Mlango wa zamani tukauziba, tukatoboa mwingine upande wa barabarani.

Baba alipapasa kuta, akashukuru, akaniombea.

Jumapili ya kwanza hakwenda kanisani. Akasema amechoka.

Ya pili, goti linauma.

Wakuu, mzee huyu tangu apoteze macho alikuwa akienda kanisani peke yake na fimbo yake, na kurudi. Ndiyo ilikuwa fahari yake. Nikataka kumshika mkono nimpeleke, akakataa kwa upole. Nikaanza kuogopa kwamba ananiondokea kama mama.

Jumapili ya tatu nikamkuta amesimama ndani, amevaa koti la kanisani, viganja vyote viwili viko ukutani, pale tulipoziba mlango.

Nikamuuliza anatafuta nini.

"Mutoto yangu, nyumba ni muzuri. Lakini njia yangu yote ilikuwa inaanzia hapa. Kutoka hapa nilikuwa najua hatua zote mpaka kanisa. Kwa ile mulango ya mupya, sijue niko fasi gani."

Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ulikuwa na furaha mingi."

Nililia, siwafichi.

Fundi alinicheka sana nilipomrudisha. Lakini ndani ya siku tatu mlango ulikuwa umerudi palepale, na juu yake tumeongeza kipande cha bati cha kuzuia mvua. Kizingiti alikipima baba mwenyewe kwa mguu. Tulikirudia mara mbili mpaka aliporidhika.

Jumapili iliyofuata akatoka na fimbo yake. Nikamfuata kwa mbali, pekupeku, asinisikie.

Alipolipita shamba la mahindi la jirani akasimama. Hakugeuka.

"Ninakusikia. Rudia nyumbani, upike."

Nikarudi, nikapika.

Nilichojifunza: mzazi muulize kwanza, hata kama jibu unaliona wazi kwa macho yako. Na kama nawe umewahi kumtengenezea mzazi kitu kikamtesa, akanyamaza kwa sababu anakupenda, andika hapa chini, nisibaki mjinga peke yangu.